Mtego wa senene usio na mlaji: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya taa za Moshi

Kwa waheshimiwa wote wenye dhamana ya taa za barabarani na taa za majengo ya umma, Moshi.

YAH: TAA 14 KANDO YA MSITU WA RAU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Waheshimiwa, poleni na majukumu. Naandika kama mkazi wa Rau, mlipakodi, na mwalimu mstaafu wa baiolojia. Hilo la mwisho nalitaja kwa makusudi, maana baadhi yenu mliwahi kukaa mbele yangu darasani, na kuna mmoja anayetia saini matangazo ya ofisini ambaye mwandiko wake niliuhangaikia miaka minne bila mafanikio. Mkiona mahali nawafokea, mniwie radhi. Ni mazoea ya kazi.

Nianze na shukrani, kwa sababu barua za wananchi huwa zinazisahau. Taa zilipowashwa kwenye barabara yetu mwaka juzi tulitoka nje kama watu wanaosubiri bibi harusi. Kabla ya hapo bodaboda walikuwa hawakubali kuingia njia yetu baada ya saa 2 usiku, walimshusha abiria darajani wakamwambia, "Mama, hapo malizia mwenyewe." Binti yangu ni muuguzi, na zamu ya jioni ikiisha nilikuwa namngoja pale darajani na tochi, mvua au kiangazi. Siku hizi analetwa mpaka getini. Kwa hiyo naomba asitokee mtu wa kusoma nusu ya barua hii akatangaza kwamba Mwalimu anataka taa zizimwe watu wakabwe. Barabara imulikwe. Ninacholalamikia ni msitu kumulikwa.

Taa ya mwisho, ya 14, imesimama mbele ya godauni la mbao, hatua chache kutoka miti ya kwanza ya msitu. Mlinzi wa godauni ni mzee mwenzangu, na kila alfajiri kabla ya kukabidhi lindo hufagia chini ya nguzo ile. Siku zote nilidhani anafagia majani. Asubuhi moja ya mwezi wa nne, masika ilikuwa imenyesha jioni ikakatika, nilipita kwenda misa ya kwanza nikamkuta anazoa kwa beleshi. Nikamwomba asimwage. Nikarudi nyumbani kuchukua ungo wa mke wangu (jambo ambalo mpaka leo linazungumzwa mezani), tukaumwagia kile alichozoa, tukakaa juu ya gogo tukachambua kama watu wanaochagua mchele. Misa ya kwanza ilinipita.

Juu kabisa yalikuwa mabawa ya kumbikumbi, mepesi, ukihema yanapeperuka. Chini yake kumbikumbi wenyewe, baadhi bado wanatembea wawiliwawili, dume nyuma ya jike, wanatafuta udongo wa kuchimba na kila wanakogusa ni saruji. Dundu weusi, chali, miguu inapiga hewa. Nyenje. Panzi wa kijani. Vunjajungu mmoja ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa bado unakunja na kukunjua polepole, kama mtu anayehesabu noti. Na nondo wa kila namna. Nikisema nondo, mafundi mnaosoma, sisemi vyuma vya milimita 12. Nasema yule ndugu yake kipepeo anayeruka usiku. Walikuwapo wadogo wa rangi ya majivu, wengine wa rangi ya jani kavu la mgomba, na mmoja mnene kama kidole gumba, ulimi wake umejiviringisha kama springi ya saa. Huyo nitamrudia.

Pembeni ya nguzo alikaa chura ambaye, kwa maelezo ya mlinzi, tangu taa ziwashwe hajaonekana akiruka. Anafungua mdomo tu. Juu ya nguzo mijusi kafiri watatu. Sisimizi walishafungua barabara yao ya kubebea mizigo, na yao haikuhitaji taa.

"Leo ni wengi kwa sababu ya mvua," mlinzi akaniambia, "lakini zile wiki za kwanza nilikuwa nazoa beleshi tatu, nne. Wanapungua, Mwalimu. Nadhani wameshaizoea taa."

Sikumjibu pale pale. Ukiteka kisima kuliko kinavyojaa, siku ndoo inapopanda nusu husemi maji yameizoea ndoo.

Hapa inabidi niungame jambo. Kwa miaka yote niliyoshika chaki, mwanafunzi akiuliza kwa nini wadudu wanafuata taa, nilimjibu kama nilivyojibiwa mimi: mdudu wa usiku hujiongoza kwa mbalamwezi, akikuta taa anaidhania mwezi, njia inampotea. Jibu zuri, linakaa kwenye daftari bila kusumbua mtu. Mwezi wa kwanza mwaka 2024 jarida la Nature Communications likachapisha kazi ya Samuel Fabian, Yash Sondhi na wenzao. Waliwapiga wadudu picha kwa kamera za kasi kubwa, maabara na porini Costa Rica, wakaangalia mwili wa mdudu umelalia wapi anapopita karibu na taa. Wakakuta kwamba mdudu haifuati taa hata kidogo. Anaipa mgongo.

Sababu yake ni nyepesi ukishaisikia. Kwa mamilioni ya miaka, usiku upande wenye mwanga ulikuwa mmoja tu, juu, angani. Mdudu anayeruka gizani, mwepesi kiasi kwamba hata uzito wake mwenyewe haumwambii vizuri chini ni wapi, anauelekeza mgongo kwenye mwanga na hapo anajua yuko wima. Ukimwekea taa ubavuni, mgongo unageukia ubavuni, mwili unalala, anaanza kuzunguka bila kutaka. Akipita juu ya taa, anapinduka na kuanguka. Wale mnaowaona wanazunguka balbu hawajaja kucheza. Wamefungwa kamba wasiyoiona, na wanazunguka mpaka nguvu ziishe au mjusi ashuke. Wanafunzi wangu wa zamani, futeni lile jibu la mwezi kwenye madaftari, kama panya hawajawatangulia.

Mimi nimekulia kihambani, Kibosho, kwa mwanga wa koroboi. Karabai ilitoka kabatini siku ya shughuli tu, na ikiwaka siku ya mvua za kwanza, kumbikumbi walikuja sisi watoto tukaweka beseni la maji chini yake. Asubuhi kuku walikula mpaka wakashindwa kutembea. Taa ikarudi kabatini. Ulikuwa mtego, lakini wa usiku mmoja.

Mke wangu kwao ni Muleba, na Kagera ndiko mtego huu umekuwa fani. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ukifika, watu wanawasha taa kali sana, wanasimamisha mabati yanayong'aa, chini wanapanga mapipa. Senene akija kwenye mwanga anagonga bati, anateleza, anaishia pipani, na kufikia asubuhi magunia yanapandishwa kwenye gari. Siku ya kwanza mke wangu kuiona taa ya 14 ikiwaka, na ule ukuta mweupe wa godauni nyuma yake, alicheka mpaka akashika nguzo. "Wamejenga mtego wa senene," akasema, "wamesahau pipa." Mhaya anawasha taa yake msimu ukifika, anakula alichonasa, anazima. Sisi tunayo mitego 14 inayofanya kazi usiku 365 kwa mwaka, kando ya msitu unaoishi kwa maji ya ardhini, wenye miti ya msoo ambayo watu wa misitu wanaihesabu kwa nadra yake, na mlaji ni chura mmoja.

Swali la kijiweni nalijua, nimeshaulizwa: kwani wadudu wakifa shida iko wapi? Si ndiyo maana tunanunua dawa ya kupuliza?

Turudi kwa yule mnene mwenye ulimi.

Nyuma ya nyumba yangu nina mipapai 22, ndiyo pensheni yangu ya pili. Aliyepanda mipapai anajua kwamba kuna dume na kuna jike. Dume hutoa vikonyo virefu vyenye maua mengi na watu hulikata kwa hasira kwamba halizai, kisha majike yanabaki yanadondosha maua na mwenye shamba analaumu mbolea. Wengi wetu tunadhani kazi ya kupeleka chavua inafanywa na nyuki. Nenda kakae chini ya mpapai dume jua linapozama. Harufu inaanza kutoka wakati huo, tamu, na kiza kikishika kidogo anakuja nondo huyo. Hatui. Anasimama hewani mbele ya ua, mabawa hayaonekani kwa kasi, anakunjua ulimi anautumbukiza, anahamia ua la pili. Mara ya kwanza nilipomwona utotoni nilidhani ni chozi, yule ndege mdogo, amechelewa kulala. Dino Martins, mtaalamu wa wadudu wa Kenya, alichapisha na mwenzake mwaka 2009 utafiti wa mipapai ya mashambani huko kwao: wanaoichavusha ni nondo wa ukoo huu, na umbali kati ya shamba na pori, pamoja na hali ya pori lenyewe, una uzito mkubwa katika kazi hiyo. Mpapai wa Rau unautegemea msitu wa Rau.

Na kuna siri moja tamu. Ua jike la mpapai halina asali hata tone. Nondo hulitembelea kwa kukosea, akidhani ni moja ya yale madume aliyotoka kunywa. Mapapai mengi ya soko la Mbuyuni yanategemea kosa linalofanywa kwa haraka, giza likiwa linaingia. Ni wakati uleule taa zinapowaka.

Taa ya 9 inapita juu ya ukuta wangu na kuipiga mipapai mitano ya mbele moja kwa moja. Msimu uliopita majike ya mbele yalidondosha maua karibu yote. Yale ya nyuma, yaliyokingwa na kivuli cha nyumba, yamezaa kama kawaida. Sasa, kama mwanafunzi angeniletea hitimisho kutoka miti mitano ningempa alama 3 kwa 10 na kumwandikia "ona mwalimu". Lakini waliopima vizuri wapo. Uswisi, Eva Knop na wenzake walichukua malisho ambayo hayakuwahi kuwa na taa, wakayawekea taa za barabarani. Matokeo yakatoka katika jarida la Nature mwaka 2017. Wadudu waliokuja kwenye maua usiku walipungua kwa asilimia 62. Mmea mmoja waliouchunguza kwa karibu, wa jamii ya mbigili, ulizaa matunda pungufu kwa asilimia 13, na hiyo ni pamoja na nyuki na wenzake kuendelea na kazi yao ya mchana bila kusumbuliwa na mtu.

Uingereza mwaka 2021 Douglas Boyes na wenzake walihesabu viwavi wa nondo kandokando ya barabara, zenye taa na zisizo na taa. Kwenye vichaka vyenye taa viwavi walikuwa pungufu kwa asilimia 47, kwenye nyasi asilimia 33. Kiwavi hana bawa, Waheshimiwa. Hakuiona taa akaruka kuifuata. Ama mama yake hakutaga pale, ama alianguliwa akashindwa kula kwa utulivu. Na walikuta jambo la tatu ambalo ndilo linanifanya niwaandikie nyinyi badala ya kulalamika kijiweni: taa nyeupe za LED zilifanya vibaya kuliko zile za zamani za sodiamu, za rangi ya chungwa. Kwa maneno mengine, aina ya taa ina maana. Mkononi mwenu mna kitu cha kugeuza.

Mama mwenye bustani ya matembele atasema viwavi wakipungua ni baraka. Namwelewa, mtoto wa yule nondo wangu mnene ni mwizi wa majani ya viazi, nimemtoa kwenye matembele kwa mkono mara nyingi. Lakini ndege wadogo karibu wote hulisha makinda yao viwavi, hata wale ambao wakikua wanakula mbegu. Na popo wa mashimo ya miti ya Rau hawali ugali.

Mjukuu wangu ana miaka saba. Juzi nimemtajia kimulimuli akaniuliza, "Cha polisi au cha ambulensi?" Nilicheka, kisha sikucheka. Kimulimuli wa mdudu dume hupita juu ya majani akimeta kwa mpangilio wake, na jike akimpenda humjibu kutoka chini kwa mpangilio wake. Ndiyo barua zao. Wakiwekewa taa juu, ni sawa na kumnong'oneza mchumba mbele ya spika za baa. Mwaka nilipohamia hapa, baada ya mvua, ukingo wa mto Rau nyuma ya nyumba ulikuwa unameta. Nimemtembeza mjukuu jioni tatu mfululizo kumtafutia mmoja wa kumwonyesha. Tulimpata wa kwanza tulipoingia msituni kiasi cha kuacha mwanga wa taa ya 12 nyuma yetu, na mtoto alikuwa ameshaanza kulia anataka kurudi nyumbani.

Kuna habari moja naipenda sana na nitaiweka hapa hata kama haihusu nguzo zetu moja kwa moja. Dundu wale wanaoviringisha mavi ya ng'ombe hunyoosha njia yao kwa kuangalia angani, ili wasije wakazunguka wakarudi kwenye lundo walikoibia. Marie Dacke na wenzake walionyesha mwaka 2013, huko Afrika Kusini, kwamba usiku usio na mwezi dundu hao hutumia ule ukungu wa nyota unaokatiza mbingu. Waliwavika vikofia vidogo vya karatasi ngumu wasione juu, wakapotea. Wakawaingiza kwenye jumba la kuonyeshea nyota Johannesburg, wakanyooka. Mwaka 2021 kundi hilohilo la watafiti likaonyesha kwamba dundu walio karibu na taa za mji huziacha nyota na kuelekea kwenye taa. Anayefukia mavi ndiye anayepunguza inzi na kurutubisha malisho. Wenye ng'ombe wa Mabogini huko chini wananielewa.

Najua mtu atasema taa angalau zinatupunguzia mbu. Mbu jike mwenye njaa anafuata pumzi yako, joto lako na harufu yako. Wataalamu wanaotega mbu majumbani hutumia mtego wenye balbu ndogo, ni kweli, lakini huutundika kando ya kitanda chenye mtu aliyelala ndani ya chandarua, kwa sababu mtu ndiye chambo. Na zile taa za bluu zinazolia "chwaa" kwenye mabaa yetu? Katika jimbo la Delaware, Marekani, watafiti wawili walihesabu wadudu waliouawa na mashine za namna hiyo kwenye nyumba za watu, wakatoa hesabu mwaka 1996: wadudu 13,789, na kati yao wanaouma watu walikuwa 31. Waliobaki walikuwa wapita njia.

Basi, ninachoomba.

Kwanza, rangi. Nilikwenda duka la vifaa vya umeme mjini nikamwambia kijana anionyeshe taa za nje. Akaweka maboksi mawili juu ya kaunta. Moja limeandikwa 6500K, la pili 2700K. "Hii nyeupe, hii njano," akasema, "bei moja, mzee, ila watu wanapenda nyeupe, inaonekana ina nguvu." Herufi hiyo ni kelvini, namba ikiwa kubwa, mwanga una bluu nyingi, na macho ya wadudu wengi wa usiku yameumbwa kuona bluu na ule mwanga uliopita zambarau ambao sisi hatuuoni kabisa. Namba ikiwa ndogo, mwanga ni wa njano, na wadudu wengi wanauona kwa shida. Ufaransa walitoa amri mwaka 2018 iliyoweka kikomo cha 3000 kwa taa nyingi za nje na kutaka madirisha ya maduka yasiwake kupita saa 7 usiku. Za kwetu, kwa jinsi zilivyo nyeupe, shati langu jeupe usiku linageuka la buluu.

Pili, kofia. Vichwa vya taa zetu vimeinuliwa kama watu wanaotazama ndege ikipita. Nikiingia msituni hatua 100 nakiona kivuli changu kwenye shina la msoo. Mpwa wangu ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Anasema usiku ule wa kuelekea kileleni, ukitoka kambi ya Barafu, mita 4,673 juu, unaiona Moshi yote chini inawaka, na wageni wanasimama kuipiga picha. Ni picha nzuri. Lakini sehemu ya mwanga unaofika Barafu ni umeme tulioulipia ukapita juu ya vichwa vyetu bila kumwonyesha mtu yeyote shimo la barabarani. Kichwa kikiinamishwa, na taa ikafunikwa juu na upande wa msitu, lami itapata mwanga zaidi ya sasa. Kazi hiyo ni ya fundi mmoja, ngazi na spana.

Tatu, saa. Taa ya 1 mpaka ya 9 ziko mbele ya nyumba. Hizo ziacheni ziwake usiku kucha, zikiwa za njano na zimeinama. Taa ya 10 mpaka ya 14 hazina nyumba hata moja. Baada ya saa 5 usiku zipunguzwe, ziwekewe sensa ya mwendo, mtu akipita zimwakie. Kuhusu wizi, mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti wa halmashauri 62 za Uingereza na Wales zilizozima au kupunguza taa za barabarani; haukukuta dalili kwamba ajali au uhalifu viliongezeka. Huko si Moshi, najua, na ndiyo sababu sijaigusa taa hata moja yenye nyumba. Ila msikilizeni mlinzi wa godauni, ambaye anaijua kazi ya usiku kuliko mimi na nyinyi: "Mwalimu, hii taa inanimulika mimi. Mwizi akiwa pale kwenye miti ananiona mpaka vifungo vya koti. Mimi simwoni." Amenunua kiti cha plastiki na amekiweka nyuma ya nguzo, kwenye kivuli chake.

Sikuanzia hapa hadharani. Nilipeleka barua kwenye ofisi moja nikaambiwa wao ni nguzo, mwanga una wenyewe. Nikaenda kwa hao wenyewe, wakasema wao wanaleta umeme tu, taa ilichaguliwa na waliojenga barabara. Waliojenga barabara walinipokea vizuri, wakanipa soda, wakanielekeza ofisi ya kwanza. Majina siyataji na sina kinyongo; soda ilikuwa baridi. Lakini nakala ninayo, imegongwa mihuri mitatu ya "imepokelewa", na ndiyo maana sasa nawaandikia wote kwa pamoja, ili asipatikane wa kunielekeza kwa mwingine.

Na kuna haraka. Mkutano wa mtaa uliopita tulitangaziwa kwamba nguzo nyingine 20 zitaendelea kutoka godauni kufuata mto, katika mwaka wa fedha unaoanza Julai. Upande huo hauna nyumba kabisa, ni mto na msitu. Kama ni lazima ziwepo, basi kwenye nyaraka za tenda uongezwe mstari mmoja: mwanga usiozidi kelvini 2700, taa zifunikwe juu na upande wa mto, zipunguze mwanga kuanzia saa 5 usiku. Leo mstari huo ni wino. Nguzo zikishasimama, utakuwa bajeti, na tunajua bajeti huwa inasubiri nini.

Nawakaribisha mje mjionee. Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kuanza, saa 11 na nusu alfajiri, nguzo ya 14. Njooni na viatu vya matope. Chai ya tangawizi nitaleta mimi, ungo nitaleta mimi pia. Mke wangu safari hii ameridhia. Mwenye mwandiko mbaya apewe daftari la kuhesabia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa baiolojia
Rau, Moshi

Nakala:
Ofisi ya mtaa: kwa taarifa, na kubandikwa ubaoni.
Mlinzi wa godauni: tafadhali, Jumamosi hiyo usifagie mpaka tufike.